Kosa Mpira, Pata Mtu

Kaa, mdogo wangu. Chai ya leo ni juu yangu, na chapati pia. Samahani kwa hiki kikohozi. Kimenishika wiki ya pili sasa, na macho nayo yanatoa machozi tu. Tuyaache hayo. Umesema unatafuta kazi isiyo na bosi, isiyo na cheti wala saa ya kuripoti. Ipo moja. Waliifanya wazee wa Kimarekani waliozunguka nchi yao kwa basi na magari mabovu, kutoka ukumbi mmoja wa pool hadi mwingine, tangu miaka ya ule mdororo mkubwa wa uchumi mpaka miaka ya 1970 hivi. Mtu anashuka mji asiojulikana, anacheza ovyo jioni nzima, na alfajiri anapanda basi na mishahara ya watu.

Kumbukumbu zao ni nyingi, na kila mzee alisimulia zake kwa chumvi yake. Mimi nimezichuja, nikabaki na hatua nane. Zifuate kwa mpangilio, usiruke.

Neno moja kabla hatujaanza. Watu hudhani mzee wa kazi hii alikuwa fundi wa kuingiza mipira. Mafundi wa kuingiza walijaa kila mji, na wengi walizeeka na madeni. Huyu wetu alikuwa fundi wa kukosa. Mpira ukiingia shimoni umepata mpira. Ukikosa vizuri, umepata mtu mzima pamoja na pochi yake.

1. Jifunze kucheza, kisha jifunze kunyamaza

Anza na miaka kumi ya mazoezi. Sehemu hii inachosha, tuipite.

Ukishaiva, mkumbuke Willie Mosconi. Alichukua ubingwa wa dunia mara 15 kati ya 1941 na 1957. Mwezi Machi 1954, mjini Springfield, jimbo la Ohio, aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa hata mmoja, mbele ya watazamaji, katika mchezo wa maonyesho. Sasa niambie: kesho yake asubuhi, nani katika Ohio nzima angekubali kucheza naye hata kwa dau la kikombe cha chai? Chema chajiuza, walisema wahenga. Katika kazi yetu, chema kikishajiuza mara moja hakipati mnunuzi wa pili.

Kwa hiyo ukiwa peke yako na mlango umefungwa, ingiza mia. Mbele za watu ingiza mitatu, na ule wa tatu uushangae kuliko wao.

2. Fimbo yako iache nyumbani

Fimbo nzuri ni kitambulisho. Kulikuwa na fundi New York, George Balabushka, mzaliwa wa Urusi, ambaye fimbo zake leo wakusanyaji wanazigombea kama vito. Fikiria umeingia ukumbini na mkoba wa ngozi, umefungua, umetoa vipande viwili, umevikaza taratibu huku umefumba jicho moja kupima kama imenyooka. Kabla hujamaliza, kila mwenye pesa atakuwa amekumbuka kwamba mtoto wake anadaiwa ada.

Chukua fimbo ya ukutani. Chagua iliyopinda. Ibiringishe mezani watu waone inavyotikisika, kisha sema, "Basi, nitafanyaje." Ukishindwa kabisa kuishi bila fimbo yako, wapo mafundi waliotengeneza fimbo nzuri ya vipande viwili yenye sura ya fimbo ya ukutani. Wamarekani waliipa jina la Sneaky Pete, yaani Pita Mnyapiaji. Pita huyu unamtangulizia rafiki, anamning'iniza ukutani tangu mchana, nawe jioni unamwokota kama bahati.

Mavazi: ovaroli lenye madoa ya rangi, au shati la fundi gereji. Uonekane mtu aliyelipwa leo na asiye na mke wa kumuuliza. Kisha kagua mkono wako wa kushoto. Mchezaji wa kila siku huwa na unga wa chaki kati ya kidole gumba na cha shahada. Usugue kwa ndimu. Wapo waliofumwa kwa doa tu.

3. Nenda penye pesa changa

Pesa ya mzee imezeeka naye, kila noti anaijua kwa sura. Wewe tafuta pesa iliyozaliwa jana: bandarini, mgodini, kiwandani siku ya malipo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, pesa changa ilikuwa Norfolk, jimbo la Virginia, kwenye kambi kubwa ya jeshi la majini. Vijana walikuwa na mishahara mfukoni, bahari mbele yao, na hakuna aliyejua kama atarudi. Wazee wa kazi walimiminika huko kama nyuki kwenye embe lililopasuka. Luther Lassiter, mwana wa Elizabeth City, North Carolina, alikuwepo naye, akavuna mpaka jina lake likawa mithali. Mkumbuke huyu, tutarudi kwake kwa habari ya afya yake.

Onyo dogo. Ukiingia ukumbi ukakuta wazee wawili wanacheza kimya, hawacheki, hawanywi, na mmoja analalamika mgongo, geuza. Hao ni wenzako wa kazi.

Onyo la pili ni la meza. Ukumbini utakuta meza ndefu ya futi 9, lakini baa nyingi za Marekani ziliweka meza fupi ya kutumbukiza sarafu. Mpira mweupe wa meza hiyo ulitengenezwa mkubwa au mzito kuliko mingine, ili ukitumbukia shimoni mashine iutambue na kuurudisha. Mpira wa namna hiyo husonga mbele kwa furaha, lakini kuurudisha nyuma ni kama kumrudisha punda aliyeona nyumbani. Wenyeji wanaujua tabia, wewe hujui. Fundi mkubwa kutoka mjini amewahi kuliwa na mwenye baa kwa sababu ya gramu chache tu. Kwa hiyo michezo ya mwanzo cheza kwa dau dogo, ujifunze tabia ya mpira. Bahati nzuri, wakati huo ndio ulikuwa umepanga kupoteza.

4. Kosa kama fundi

Hapa ndipo penye chuo chenyewe. Dada, tuongezee chapati mbili hapa!

Tapeli mchanga hukosa mpira uliokaa mdomoni mwa shimo. Ukumbi mzima unamtazama na kujisemea, huyu anaigiza. Mzee wa kazi haukosi mpira huo hata siku moja. Anauingiza, lakini anauacha mpira mweupe mahali pabaya. Sasa mpira unaofuata uko mbali, umejibana ukingoni, na hata bingwa angeweza kuukosa. Anaukosa kwa upana wa unywele, anapiga paja lake, anasema, "Leo sina bahati!" Watazamaji wanamhurumia. Hakuna aliyegundua kwamba kosa lilifanyika zamu iliyopita, kwenye mpira ulioingia.

Fanya hivyo hivyo kwenye kushinda. Shinda kwa mpira mmoja, shinda kwa kubahatisha, shinda huku ukiomba radhi. Anayefungwa saba kwa moja huchukua kofia yake akaenda nyumbani. Anayefungwa saba kwa sita huagiza bia nyingine na kuongeza dau, kwa kuwa moyoni mwake yeye ndiye aliyeshinda, matokeo tu hayajapata habari.

Na uwe mgonjwa. Lassiter tuliyemwacha Norfolk alisifika kwa mambo mawili: kumaliza mipira na kuugua. Mafua, tumbo, kichwa, vumbi la chaki linamziba pua. Maisha yake yote aliingia mezani kama mtu aliyetoroka wodini, akatoka bingwa wa dunia. Sisemi alikuwa anaigiza. Nasema hakuna mtu aliyewahi kuogopa kucheza na mgonjwa.

5. Ushindi uko kwenye mapatano

Mchezo huisha kabla mipira haijavunjwa kwa pigo la kwanza. Yanayofuata mezani ni kuhesabu pesa kwa njia ndefu.

Chukua mchezo wa mipira tisa. Kila mmoja lazima agonge kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani, na atakayeuingiza wa 9 ndiye mshindi. Mchezaji dhaifu huomba "kupewa mpira wa 8", maana yake yeye akiingiza wa 8 ameshinda, akiingiza wa 9 pia ameshinda, wakati mwenzake anabaki na wa 9 peke yake. Unaonekana ukarimu mdogo. Ukipewa ukarimu huo na mtu unayemzidi uwezo, umepewa funguo za nyumba yake.

Kazi yako ni kumfanya yeye ndiye aupendekeze. Na atakupendekezea, kwa sababu hajawahi kuzaliwa binadamu aliye tayari kutamka mbele ya rafiki zake, "Wewe unanishinda." Atakupa mpira wa 8, atakupa kuvunja, angeweza akakupa na dada yake, ili mradi rafiki zake waone kwamba yeye ndiye mkubwa anayetoa.

Ukitaka mchezo mtamu zaidi kwa mapatano, cheza ule wa shimo moja. Meza ina mashimo sita, lakini kila mchezaji ana shimo lake moja tu la kona, mwisho mmoja wa meza, na wa kwanza kufikisha mipira 8 kati ya 15 ameshinda. Hapa mtu anaweza kucheza nusu saa bila kuingiza kitu, anasukuma mipira taratibu kuelekea kwake, anaificha, anaiziba. Mtazamaji asiyejua huona wawili wasiojua kucheza. Uwezo wote umefichwa ndani ya mipira isiyoingia. Ndiyo maana wazee wa kazi waliupenda kuliko yote.

Mwalimu wa mapatano alikuwa Alvin Thomas, aliyejulikana zaidi kama Titanic Thompson, mcheza kamari aliyeweka dau kwa lolote lenye mwisho. Kwenye gofu alimfunga mtu kwa mkono wa kulia, kwa tofauti ndogo, kisha akaona haya. "Nimekuonea," anasema. "Turudie, dau mara mbili, safari hii nacheza kwa mkono wa kushoto." Tajiri anakubali haraka kabla ofa haijaondolewa. Thompson alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto.

6. Cheza kwa pesa ya mwingine

Pesa yako ina uchungu, inakutetemesha mkono. Mtafute tajiri wa mji, mwenye gereji au duka la nyama, anayependa kusimama nyuma ya mchezaji na kusema "huyu ni wangu". Yeye anaweka dau lote. Ukishinda mnagawana, ukishindwa amekula hasara peke yake.

Usishangae kwa nini anakubali. Mtu asiyejua kucheza ana kiu ya kushinda kama wewe, na amekosa mkono tu. Wewe umekuwa mkono wake. Ukiona anawaeleza watu namna ulivyoupiga mpira, jua umeshalipwa hadi Krismasi.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Walikutana na mpinzani nyuma ya ukumbi, wakakubaliana nani ashindwe, wakagawana pesa za tajiri usiku ule ule. Kumbukumbu za wazee zinalilaani jambo hili kwa ukali mkubwa, na kila mzee anamjua mwenzake aliyelifanya. Cha ajabu, sijakutana na kumbukumbu ya aliyelifanya mwenyewe.

Na kama huna pesa wala tajiri, unaweza kucheza na mfuko mtupu. Sharti ni kushinda mchezo wa kwanza. Chagua meza iliyo karibu na mlango, na viatu vya kamba.

7. Ondoka kabla hujajisikia

Mgema hupanda mnazi ule ule kila asubuhi. Hajaonekana mgema aliyeukata ili anywe haraka. Ukishashiba, poteza mchezo wa mwisho. Nunulia watu bia. Mwachie uliyemfunga nauli na heshima, umwambie mwezi ujao atakufunga. Ataweka akiba akusubiri.

Hili ni jepesi kulisikia. Hatari haimo mfukoni mwake, imo kifuani mwako. Miezi sita umekuwa ukikosa makusudi. Kila mpumbavu wa kila mji amekupa ushauri wa namna ya kushika fimbo. Halafu usiku mmoja anatokea kijana mwenye mdomo, anakuita bwege mbele ya wanawake, nawe unajua kwamba ukitaka unaweza kusafisha meza macho umefumba.

Tazama filamu ya The Hustler ya mwaka 1961. Paul Newman anaigiza kijana Eddie, mwenye kipaji cha kutisha. Anaingia ukumbi wa hovyo, anakutana na kijana mwenye maneno, hasira zinampanda. Anaacha kuigiza, anamwonyesha mchezo wenyewe, mpira baada ya mpira. Wenyeji wanaelewa wamekaa na nani. Wanampeleka nyuma, wanamvunja vidole gumba vyote viwili.

Hakuvunjwa kwa kuwaibia. Kama angeiba kwa adabu, wangemnunulia pombe. Alivunjwa kwa kuwa alitaka wajue. Umeishi kwa kula majivuno ya watu. Angalia siku utakapoona njaa ya kula yako.

8. Jina likishavuja, uza hadithi

Siku itafika. Unaingia mji mgeni, na mtoto wa kuokota mipira anakusalimia kwa jina. Simu imekutangulia. Unaweza kubadili jina, na mabingwa wamefanya hivyo: mwaka 1985, huko Houston, Texas, alitokea mgeni mpole aliyejitambulisha kama Cesar Morales, akawafunga watu walioshindwa kuamini macho yao. Alikuwa Efren Reyes wa Ufilipino, ambaye sifa zake zilikuwa zimeshavuka bahari. Lakini jina la kuazima ni kama koti la kuazima, mwenye macho hulitambua kwa mabega.

Walivyofanya wazee ni ujanja mkubwa zaidi. Mwaka 1961, ule ule wa The Hustler, ndugu wawili wa ukoo wa Jansco walianzisha mashindano katika mji mdogo wa Johnston City, Illinois, na wakawaalika watu wa kazi hii hii. Mtu aliyeishi miaka 20 kwa kujificha akavaa suti, akapanda jukwaani, akapigwa picha na magazeti. Walikuja kila mwaka. Mchana walicheza kwa kombe, usiku kwa pesa, mpaka mwaka 1972 maofisa wa serikali ya Marekani walipowavamia kwa kosa la kamari. Utaona walivyokuwa rahisi kuwakamata: walikuwa wamekusanyika wenyewe, na kila mmoja alitaka atambuliwe.

Aliyeelewa kuliko wote alikuwa Rudolf Wanderone, mnene, mcheshi, mwenye mdomo usiopumzika. Kabla ya filamu ile aliitwa New York Fats. Ndani ya filamu kulikuwa na bingwa aitwaye Minnesota Fats. Wanderone akatoka sinema, akajitangaza kuwa yeye ndiye yule. Walter Tevis, aliyeandika riwaya ya mwaka 1959 iliyozaa filamu, alikanusha mara nyingi. Haikusaidia. Wanderone alichukua jina la mtu asiyekuwepo, akaandika kitabu cha kumbukumbu zake, akaingia kwenye televisheni, akawa mcheza pool maarufu kuliko wote Marekani bila kushinda hata shindano moja kubwa.

Mosconi alikasirika miaka na miaka. Mwaka 1978 wakakutana mbele ya kamera za televisheni. Mosconi akaingiza mipira, Wanderone akaingiza maneno. Mosconi akashinda, kama kila mtu alivyojua. Watu wakaenda nyumbani wakirudia vichekesho vya aliyefungwa.

Umeona alipofika? Alipoteza mchezo, akamchukua mtu. Safari hii alichukua nchi nzima. Ndiyo hatua ya nane: fimbo ikishakuwa nzito, keti kibarazani, simulia. Kila mwaka ongeza sifuri moja kwenye dau na mpira mmoja kwenye meza. Shahidi amekufa, ukumbi umekuwa duka la simu. Na msikilizaji hatakubishia, maana naye anataka kusema kwamba alikaa na mzee wa kazi ana kwa ana.

Dada ameleta bili. Chai nne, chapati sita. Leta hapa, nimesema ni juu yangu.

Lo. Pochi nimeiacha kwenye koti lingine. Aibu iliyoje, mdogo wangu, na mimi ndiye niliyekualika. Lakini naona kule pembeni wana meza, na haina mtu. Sijashika fimbo siku nyingi, kikohozi hiki, macho haya, na hebu tazama fimbo zao zilivyopinda. Mchezo mmoja tu wa mipira tisa, atakayefungwa alipe. Wewe umeshazijua hatua zote nane, mimi nitakuibia nini?

Nipe tu mpira wa 8.